Heshima Iliyochelewa

Kila atendaye kazi njema hungoja kitu. Mkulima hungoja mavuno, mvuvi hungoja samaki, na mwanafunzi hungoja cheti. Lakini zaidi ya mavuno, samaki na cheti, moyo wa binadamu hungoja jambo jingine lisilopimwa kwa mizani wala kununuliwa kwa fedha: hungoja kusikia watu wakisema, "Kazi hii ni ya fulani." Je, mtu anayo haki ya kungoja neno hilo? Na kama ni haki yake, naye akanyimwa, je, yaweza kulipwa baada ya kufa kwake? Nakuomba, msomaji, tulichunguze swali hili pamoja. Mfano wetu utakuwa kitu ambacho pengine hukukitazamia: elementi moja isiyoonekana kwa macho, isiyotumika nyumbani wala kiwandani, na isiyodumu ila kwa muda mfupi kabisa.

Fungua kitabu chako cha kemia utazame jedwali la elementi. Kila elementi ina namba yake na alama yake ya herufi moja au mbili. Haidrojeni ni H, kaboni ni C, na chuma ni Fe, kwa kuwa Warumi wa kale walikiita ferrum. Teremka mpaka safu ya saba, uvuke namba 100, utaikuta namba 109. Alama yake ni Mt, na jina lake ni meitneriamu.

Elementi hii haichimbwi ardhini kama dhahabu. Hakuna mwamba wala maji ambamo imepata kuonekana. Ilitengenezwa na watu, mjini Darmstadt katika nchi ya Ujerumani, tarehe 29 Agosti 1982. Wataalamu walioongozwa na Peter Armbruster na Gottfried Münzenberg walichukua viini vya atomi za chuma wakavirusha kwa mwendo mkubwa mno vigonge atomi za bismuthi. Kiini cha bismuthi kina protoni 83, na kiini cha chuma kina protoni 26. Jumlisha, utapata 109. Hesabu ni nyepesi, lakini kazi si nyepesi, maana viini havipendi kuungana. Karibu vyote hupishana au huvunjika. Katika jaribio lile zima walipata atomi moja tu. Hiyo moja nayo ilivunjika kabla mtu hajamaliza kupepesa jicho. Ndiyo maana huitwa elementi yenye unururifu: kiini chake hakitulii, bali hujivunja chenyewe na kutoa miale. Hata aina zake zilizogunduliwa baadaye, ambazo hudumu kuliko ile ya kwanza, hudumu kwa sekunde chache tu.

Mwaka wa 1997, baada ya mabishano marefu juu ya majina ya elementi mpya, muungano wa kimataifa wa wanakemia ulilithibitisha jina la meitneriamu. Lilitolewa kwa heshima ya Lise Meitner, mwanamke aliyekuwa amekwisha kufa karibu miaka 29. Kwa nini alipewa heshima hiyo, na kwa nini ilichelewa? Hatuna budi kurudi nyuma.

Lise Meitner alizaliwa Vienna, Austria, mwaka wa 1878. Siku zile wasichana wa nchi ile hawakuruhusiwa kuingia katika shule zilizowatayarisha wavulana kwa chuo kikuu. Alisoma kwa mwalimu wa faragha, akafaulu mtihani, na mwaka wa 1906 akapata shahada ya udaktari katika fizikia. Mwaka uliofuata alikwenda Berlin, akakutana na mwanakemia kijana aliyeitwa Otto Hahn, wakaanza kufanya kazi pamoja. Lakini mkuu wa taasisi alimofanyia kazi Hahn hakutaka wanawake waingie jengoni. Meitner alipewa chumba cha chini kilichokuwa karakana ya seremala, chenye mlango wake wa nje, akakatazwa kupanda juu waliko wanaume. Alifanya kazi kwa miaka kadhaa bila mshahara. Hakuiacha. Mwaka wa 1926 alifanywa profesa wa fizikia, mwanamke wa kwanza kukipata cheo hicho katika Ujerumani.

Kwa miaka 30 yeye na Hahn walikuwa chanda na pete. Hahn, mwanakemia, alikuwa hodari wa kutenganisha vitu na kuvitambua; Meitner, mwanafizikia, alikuwa hodari wa kueleza yanayotendeka ndani ya kiini. Alichopungukiwa mmoja mwenzake alikuwa nacho.

Mwaka wa 1933 Hitler alishika utawala. Meitner alikuwa Mkristo kwa ubatizo, lakini jamaa yake ilikuwa ya Kiyahudi, na hilo lilitosha kumnyang'anya ruhusa ya kufundisha. Uraia wake wa Austria ulimkinga kwa muda. Machi 1938 Ujerumani ikaimeza Austria, na kinga ile ikatoweka. Julai mwaka ule ule, akiwa na umri wa miaka 59, alitoroka kwa siri, akapanda gari la moshi hadi Uholanzi, kisha akaenda Uswidi. Aliiacha nyumba yake, vyombo vyake vya kazi na vitabu vyake. Kabla hajaondoka, Hahn alimpa pete ya almasi aliyoirithi kwa mama yake, ili ikibidi awahonge walinzi wa mpakani. Ikumbuke pete hiyo, msomaji, maana inatukataza kumfanya Hahn mtu mwovu kwa wepesi.

Miezi mitano baadaye, Desemba 1938, Hahn na mwenzake Fritz Strassmann walikuwa Berlin wakiendelea na uchunguzi ambao Meitner alikuwa ameuanza pamoja nao. Waliigonga urani kwa nutroni, wakakuta jambo la ajabu: ndani yake mlitokea bariamu. Urani ni namba 92, na bariamu ni namba 56. Ilikuwa kama mtu aliyelipiga jabali kwa kijiwe, akalikuta jabali limekatika vipande viwili. Hahn hakuweza kulieleza. Akamwandikia barua Meitner huko ugenini, akimwomba atafute maana yake.

Barua ilimkuta karibu na Krismasi. Alikuwa katika mji mdogo wa Kungälv, pamoja na Otto Frisch, mtoto wa dada yake, ambaye naye alikuwa mwanafizikia. Wawili hao walitoka kutembea katika theluji, wakaketi juu ya gogo, wakapiga hesabu kwenye vipande vya karatasi. Waliona kwamba kiini kizito cha urani ni kama tone la maji: kikiguswa chaweza kurefuka, kubana katikati, na kupasuka. Kipande kimoja ni bariamu yenye protoni 56. Kingine hakina budi kuwa kriptoni yenye 36. Na jumla yake ni 92. Waliona pia kwamba vipande vikijumlishwa uzito wake hupungua kidogo, na kwamba upungufu huo hugeuka nishati, kama Einstein alivyofundisha. Walipata elektroni-volti milioni 200 kwa kiini kimoja, kiasi kinachopita mara mamilioni kile kinachotolewa na atomi ya makaa inapoungua. Hivyo ndivyo mpasuko wa kiini ulivyoeleweka kwa mara ya kwanza.

Januari 1939 Hahn na Strassmann walitangaza matokeo yao bila jina la Meitner. Februari Meitner na Frisch wakatangaza maelezo yao. Katika Berlin ya siku zile, kumtaja mkimbizi wa asili ya Kiyahudi kuwa mwenzako kulikuwa hatari. Hatari hiyo yaeleza kwa nini jina halikuandikwa wakati ule. Haielezi kwa nini vita vilipokwisha, na hatari ilipoondoka, Hahn aliendelea kuusimulia uvumbuzi ule kama kazi ya kemia peke yake. Novemba 1945 ilitangazwa kwamba Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka wa 1944 ni ya Otto Hahn. Alipewa yeye tu. Meitner alipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel, ya fizikia au ya kemia, zaidi ya mara 40 katika maisha yake, wala hakuipata hata mara moja.

Wahenga walisema, "Chanda chema huvikwa pete." Lakini wahenga hao hao walisema, "Kidole kimoja hakivunji chawa." Ziweke methali hizi mbili pamoja uone taabu inayotokea. Kama kazi ni ya vidole viwili au zaidi, nasi tuna pete moja tu, tutaivika kidole kipi? Na kidole kilichoachwa, kitajiona ni chema au si chema?

Kuna watu watakaojibu, "Swali lako si kitu. Ukweli ni ukweli, aulete nani au nani. Urani hupasuka bila kuuliza jina la aliyeielewa." Jibu hili lina sura ya hekima, na nusu yake ni kweli. Ukweli hauhitaji jina la mtu. Lakini sayansi hufanywa na watu, na watu wanahitaji kutendewa haki. Tena, yeye asemaye "nilifanya" mahali pa "tulifanya" hasemi kweli. Elimu inayojivunia ukweli katika hesabu zake itasimamaje juu ya uongo kuhusu kuzaliwa kwake yenyewe? Na uongo huo una madhara kwa wanaokuja nyuma. Msichana asiyesikia kamwe jina la mwanamke katika somo la fizikia ataamini kwamba somo hilo si lake. Hataambiwa na mtu. Atalisoma katika ukimya wa kitabu.

Wengine watasema, "Sifa ni sumu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Afadhali mtenda wema asitajwe." Hao nao wana sehemu ya kweli, maana wengi wameharibiwa na kusifiwa. Lakini tazama vizuri: methali haisemi kwamba tembo la mgema huyu lihesabiwe kuwa la jirani yake. Kumpunguzia mtu sifa ya uongo ni kumlinda; kumnyima sifa ya kweli ni kumwibia. Tena unyenyekevu ni fadhila anayoichagua mtu mwenyewe. Huwezi kumnyang'anya mwenzako mali kisha ukajisifu kwamba umemfundisha umaskini mtakatifu.

Kwa upande wa Meitner mwenyewe, hakuwa mtu wa kukimbilia kila sifa. Mwaka wa 1943 aliitwa ajiunge na wataalamu waliokuwa wakienda Marekani kutengeneza bomu la atomiki. Angalitoka katika upweke wa Uswidi, angalipata vyombo, mshahara na wenzake wakuu. Alikataa kabisa kushiriki katika kazi ya bomu. Agosti 1945 mabomu yalipoteketeza miji ya Hiroshima na Nagasaki, magazeti yalimvamia kwa maswali, yakamwandika kana kwamba yeye ndiye mama wa bomu. Basi fikiri juu ya hali ya mwanamke huyu. Pale alipostahili kutajwa, hakutajwa. Pale asipostahili kutajwa, akatajwa. Hapa twajifunza kwamba kumtaja mtu si kumpamba tu. Ni kupima. Kipimo kilichomnyima mtu sifa yake leo ndicho kitakachomtwika kesho lawama isiyo yake.

Wapo pia wale watakaoniambia, "Mbona waendelea kulalamika? Heshima si ilifika? Kawia ufike." Kweli, nyingine ilifika yungali hai. Mwaka wa 1966 serikali ya Marekani iliwapa Hahn, Meitner na Strassmann Tuzo ya Enrico Fermi kwa pamoja. Lakini yeye alikuwa ajuza dhaifu wa karibu miaka 88, asiyeweza kusafiri kwenda kuipokea. Ikamfuata alikokaa, mjini Cambridge. Oktoba 1968 alifariki. Atomi ile ya Darmstadt ilikuja miaka 14 baadaye, na jina likathibitishwa miaka 15 baada ya hiyo. Maiti hasikii sifa zake. "Kawia ufike" ni faraja ya msafiri aliyechelewa njiani; si ruhusa ya mdaiwa aliyekalia mali ya mtu.

Je, basi jina hilo katika jedwali ni bure? La. Nadhani hapa tunapaswa kutenganisha madeni mawili. Deni la kwanza lilikuwa kwa Lise Meitner mwenyewe: kwamba asikie, angali na masikio, wenzake wakisema kweli juu ya kazi yake. Deni hilo halikulipwa lote, wala sasa haliwezi kulipika. Deni la pili ni letu sisi tulio hai, na wanaokuja: kwamba tuambiwe mambo yalivyokuwa. Deni hilo herufi mbili zimelilipa. Heshima iliyochelewa si malipo, ni ungamo. Ulimwengu unakiri kwamba ulikosea, na unaandika ungamo hilo mahali ambapo kila mtoto wa shule ataliona.

Ajabu nyingine imo katika jedwali hilo hilo. Kuanzia mwaka wa 1970 wanasayansi wa Marekani waliiita elementi ya 105 hahniamu, kwa heshima ya Otto Hahn. Katika uamuzi wa mwaka wa 1997 jina hilo liliachwa, na elementi hiyo ikaitwa dubniamu, kwa mji wa Dubna ulioko Urusi. Kwa hiyo katika jedwali Meitner yumo, na Hahn hayumo. Pengine msomaji mwingine atacheka na kusema kwamba mizani imejirudi. Mimi sicheki. Haki ya mmoja haihitaji aibu ya mwingine. Hahn alistahili tuzo yake, na ile pete aliyoitoa siku ya hatari inashuhudia kwamba moyo wake ulikuwa na wema. Kosa halikuwa kwamba alivikwa pete. Kosa lilikuwa kwamba alivikwa kana kwamba mkono ulikuwa na kidole kimoja. Wala hatupaswi kumsahau Strassmann, ambaye tuzo ya 1944 ilimpita naye vile vile. Na hili ni onyo kwetu: mara nyingi haki za watu huibwa na watu wema, waliochoka kusema "sisi."

Labda utauliza kama elementi idumuyo sekunde chache ni ukumbusho wa kutosha. Sanamu ya mawe hukaa karne nyingi. Meitneriamu, saa hii usomapo, yamkini haipo hata atomi moja duniani kote. Lakini jina halikai ndani ya atomi. Linakaa ndani ya akili za watu wanaolisoma, na huko kudumu kwake kwategemea sisi. Hata sanamu, ikisimama mahali ambapo hakuna ajuaye ni ya nani, ni jiwe tu.

Kwa bahati tu, wala si kwa kukusudia, alama ya elementi hii kwa macho ya msomaji wa Kiswahili ni herufi zinazoanza neno "mtu". Waliozichagua hawakujua lugha yetu. Lakini katika kaburi la Meitner, katika kijiji cha Bramley nchini Uingereza, Frisch aliagiza jiwe liandikwe kwamba hapa amelala mwanafizikia ambaye hakuupoteza utu wake kamwe. Hakuorodhesha tuzo alizopata wala zile alizonyimwa. Aliutaja utu. Kwa hiyo, uonapo Mt katika jedwali, si vibaya ukumbuke kwamba nyuma ya kila alama na kila kanuni kuna mtu.

Sasa litazame jambo hili karibu nawe. Nyumba ya udongo inapojengwa kijijini, wako waliokata miti, waliochota maji, waliokanda udongo na waliokandika kuta. Ikisha simama, mgeni huuliza, "Nani kajenga?" na jina moja hutajwa. Katika maabara ya shule yenu, wanafunzi wanne hufanya jaribio moja. Mmoja huwasha moto, mmoja hupima, mmoja hunakili, na mmoja, mwenye sauti kubwa, husimama kulieleza darasa. Mwalimu humsifu aliyesimama. Aliyesimama hunyamaza. Huo ni uhalifu mdogo sana, hata haustahili adhabu. Walakini ni mbegu ya ule mkubwa niliokusimulia.

Basi nakuusia mambo matatu, msomaji kijana. La kwanza, mtaje mwenzako angali anasikia. Sentensi moja ya kweli leo, "Hesabu hii alinionyesha fulani," yapita sanamu ya kesho. La pili, sifa ikikujia nawe wajua kwamba si yako yote, igawe papo hapo, maana ikilala kwako usiku mmoja asubuhi utaiona ni mali yako. La tatu, na hili ndilo gumu, ikiwa wewe ndiwe uliyenyimwa, dai haki yako kwa adabu, lakini usiiache kazi kwa sababu ya kunyimwa. Lise Meitner alifanya kazi katika chumba cha seremala, akafanya kazi bila mshahara, akafanya kazi ugenini kwenye theluji na vipande vya karatasi mkononi. Hesabu aliyoipiga pale juu ya gogo ilikuwa sahihi siku ile ile, kabla ya tuzo yoyote na kabla ya herufi zozote. Thamani yake haikungoja mwaka wa 1997. Waliokuwa wakingojewa ni sisi, mpaka tujifunze kusema kweli.